Ligi ya drafti: kila mchezaji ana mwenyewe mmoja, na sheria ziandikwe mbele

Siku ya posho mchana, ukipita Boulevard de Libération hapa Bunia, ao ukishuka kwenye vijia vya Mudzipela na Nyakasanza, utakuta vijana na wababa wameinamia telefoni. Wengine wanangojea mechi za Uingereza. Wengine wanangojea tiketi ya pari. Humo kuko mtu aliyeshuka jana kutoka Mongbwalu, Nizi ao Kilo. Ameuza gramu zake, na mbele ya kununua unga na sabuni ya nyumbani, amekwisha kuweka franka zake juu ya mechi tano. Mechi nne zinaingia, moja inakataa, tiketi inakufa. Siku ya yenga anaanza kukopa.

Hatuandiki haya kwa kumcheka mtu. Sisi wenyewe tunapenda mpira, na tiketi zetu tumekwisha kuzichana. Lakini kila Agosti, msimu mpya wa Shampiona ya Uingereza unapokaribia, swali linarudi kwenye meza zetu: je, tunaweza kufuata mpira huu, tushindane, tutaniane, bila pesa ya shimo kutoka nje ya kikundi? Jibu moja lipo. Linaitwa fantasi, na ndani ya fantasi kuko namna moja inayowafaa watu wanaojuana: ligi ya drafti.

Tunasema inafaa. Hatusemi inajiendesha yenyewe. Ligi hii inavunjika haraka sawa vile kikundi cha shimo ambacho hakikupatana mapema namna ya kugawana mchanga. Kwa hiyo leo tunaeleza namna ya kuianza, na mahali inapovunjikia.

Mchezo wenyewe

Fantasi ni kutunga ekipe ya karatasi kwa wachezaji wa kweli. Unachagua watu wa klabu mbalimbali, na kile wanachofanya uwanjani kila juma kinakuletea pointi. Mtu wako akicheza dakika 60 ao zaidi, anakupa pointi 2. Akicheza chini ya hapo, 1. Mchezaji wa mbele akifunga goli ni pointi 4, wa katikati 5, wa nyuma 6. Pasi ya goli ni 3. Kipa ao mchezaji wa nyuma ambaye klabu yake haikufungwa, naye amecheza dakika 60, anapata 4. Kadi ya njano inakata 1, nyekundu inakata 3. Hizo ndizo hesabu za mchezo wa shampiona yenyewe, Fantasy Premier League, ulioanza mwaka 2002 na unaochezwa bure na mamilioni ya watu duniani. Kwa majirani zetu wa Uganda na Kenya mchezo huu si mgeni hata kidogo.

Katika mchezo ule wa kawaida, kila mtu anapewa pesa ya karatasi, milioni 100, na kila mchezaji ana bei. Hakuna kinachokuzuia kununua yule aliyenunuliwa na jirani. Chukua Mohamed Salah. Msimu wa 2024-2025 alifunga magoli 29 na kutoa pasi za goli 18 kwa Liverpool, akafikisha pointi 344, ambazo hakuna mchezaji mwengine aliyewahi kuzifikia katika mchezo huo. Basi kila mwenye akili alikuwa naye. Akifunga, wote mnafurahi, na hakuna aliyemwacha mwenzake nyuma. Mwisho wa mwaka ekipe zinafanana, na mshindi mara nyingi ni yule aliyekuwa na wakati mwingi wa kusoma na mega nyingi kwenye telefoni.

Drafti inakata mambo hayo. Shampiona iliiongeza mwaka 2017, nayo pia ni bure, kwenye tovuti yake. Hapa hakuna bei wala milioni. Mnakaa kikundi, mnachagua kwa zamu, na mchezaji akishachukuliwa na mmoja wenu, wengine hawamgusi tena. Neno lenyewe lisikuchanganye: si ule mchezo wa vifuniko vya chupa ambao Watanzania na Wakenya wanauita drafti na sisi tunauita dame. Hapa drafti ni kugawana kwa zamu.

Mchimbaji ataelewa upesi kuliko mtu wa ofisi. Kilima kina mashimo, kila shimo lina mwenyewe, na PDG hawezi kuamka asubuhi na kusema shimo la jirani sasa ni lake juu limetoa dhahabu. Ukikosa lile la juu, unatafuta lile ambalo wengine hawakuliona. Ndiyo utamu wa drafti. Mtu anayemjua mchezaji wa nyuma wa klabu ndogo, anayecheza kila juma bila kelele, anaweza kumshinda yule aliyepata jina kubwa.

Wala mchezo huu haukutoka kwenye kampuni za pari. Ulianza kwa marafiki kukaa kwenye meza moja. Watu wa Oakland, Marekani, wapenzi wa ule mpira wao wa kushika kwa mikono, walitunga sheria mwaka 1962, na mwaka 1963 wakagawana wachezaji kwa zamu, ekipe 8, nyumbani kwa mmoja wao. Mwaka 1980 watu wa New York walifanya vile kwa mchezo wa besiboli, wakaipa ligi yao jina la mgahawa walimokutania, La Rotisserie Française. Hesabu ilikuwa ya mkono, matokeo walikata kwenye gazeti. Tunakumbusha hayo kwa sababu moja: mchezo ulizaliwa bila intaneti. Mtu wa shantié asiambiwe kwamba hauwezi kuwa wake.

Muwe watu wangapi?

Hapa wengi wanakosea siku ya kwanza. Tovuti inakubali ligi ya watu 2 mpaka 16. Mtu anaona 16, anaita wote wa kambi. Ngoja tuhesabu mbele.

Kila ekipe inabeba wachezaji 15: makipa 2, wa nyuma 5, wa katikati 5, wa mbele 3. Kila juma 11 wanaingia, 4 wanakaa kwenye benchi. Shampiona ya Uingereza ina klabu 20. Kila klabu inaanzisha watu 11, kwa hiyo wanaoanza mechi kila juma ni 220, si zaidi. Mkiwa 8, mtachukua watu 120, na watu wazuri wa kutosha watabaki nje, wa kubadilishia. Mkiwa 16, mtahitaji 240. Maana yake hata mkimaliza wote wanaoanza, bado kuna wenu watakaobeba watu wasiocheza.

Kwa makipa ni mbaya zaidi. Kipa anayecheza ni mmoja kwa klabu, yaani 20 tu. Watu 8 wanachukua 16. Watu 10 wanachukua wote 20, na siku kipa wako ameumia huna pa kwenda, labda kumchukua yule aliyeingia mahali pake. Watu 12 wanahitaji 24, hivyo wane kati ya makipa hao watakuwa wa kukaa tu. Shauri letu: muwe 6 mpaka 10, na 8 ndiyo namba nzuri. Wakizidi, fanyeni ligi mbili.

Zamu inakwenda sawa vile nyoka

Nani achague wa kwanza? Kura. Kwenye tovuti mashine inapiga kura yenyewe; kwenye karatasi, tieni majina ndani ya kofia na mtoto atoe. Kisha zamu inakwenda na kurudi. Duru ya kwanza inatoka mtu wa 1 mpaka wa 8. Ya pili inaanzia kwa wa 8 kurudi kwa wa 1. Ya tatu inaanza tena kwa wa 1.

Hivyo wa kwanza anachagua mara ya 1, kisha anangojea mpaka ya 16, na papo hapo ya 17. Wa mwisho anachagua ya 8 na ya 9 pamoja, kisha ya 24 na ya 25. Wa katikati, tuseme wa 4, anapata ya 4, ya 13, ya 20 na ya 29. Aliyeanza anapata jina kubwa, lakini kati ya chaguo lake la kwanza na la pili wengine wamekwisha kuchukua watu 14. Wa mwisho hapati jina kubwa, ila anachukua wawili wazuri kwa mara moja. Namna hii ni ya haki, na iko wazi kwa macho ya wote. Mtu akikuambia kwamba wa mwisho ameonewa, mchoree nyoka huyu kwenye karatasi.

Saa nayo inapiga. Mkiweka dakika moja kwa kila chaguo, machaguo 120 yanaweza kufika saa mbili nzima. Dakika ikiisha bila wewe kuchagua, mashine inakuchagulia. Mara yetu ya kwanza, telefoni ya mwenzetu mmoja ilizima kwenye duru ya sita. Umeme haukuwako. Mashine ikamchagulia watu tisa. Asubuhi alipowasha telefoni alikuta wachezaji ambao majina yao hawezi kuyatamka, akasema tumemwibia. Maneno yale yalichukua majuma matatu kuisha. Tangu siku ile sheria yetu ni moja: siku ya kuchagua, telefoni zote zijazwe umeme mbele, na kila mtu awe ameandika orodha yake ya majina 30 kwenye tovuti, kwa maana mashine ikikuchagulia inaanza kutazama ile orodha yako.

Tumchague nani?

Hatuwezi kukupa majina ya msimu unaokuja, juu klabu zinabadilika mpaka siku ya mwisho ya soko. Lakini msimu wa 2025-2026 ulituachia mafundisho matatu.

La kwanza ni la Salah yuleyule. Baada ya pointi zake 344, mchezo wa kawaida ulimpa bei ya 14.5, kubwa kuliko ya wote, hata Erling Haaland wa Manchester City. Kwenye drafti nyingi alikuwa kati ya wa kwanza kuchukuliwa. Kufika Desemba alikuwa amewekwa kwenye benchi la Liverpool. Aliyemchagua hakukosea kwa ujinga. Alilipa kwa ajili ya mwaka uliopita. Dhahabu ya jana haisemi kitu juu ya mchanga wa leo. Ukipata zamu ya juu, angalia umri, angalia kama kocha ni yuleyule, angalia nani anapiga penalti.

La pili linauma zaidi, juu ni la mtoto wetu. Yoane Wissa alifunga magoli 19 ya shampiona akiwa Brentford katika msimu wa 2024-2025. Mkongomani gani asingemtaka? Agosti 2025 hakucheza, alikuwa anangojea kuhama. Septemba akaenda Newcastle. Tarehe 9 ya mwezi huohuo akaichezea Leopards na Senegal pale Kinshasa, akafunga, tukapigwa 3 kwa 2, naye akaumia goti. Mpaka Desemba hakuonekana uwanjani. Aliyemchagua mapema alikaa miezi mitatu na zaidi na mtu asiyemletea hata pointi moja. Roho inataka Leopards. Hesabu inataka dakika za kucheza.

La tatu ni la kalenda. Kombe la Afrika la Moroko lilichezwa kutoka 21 Desemba 2025 mpaka 18 Januari 2026, katikati kabisa ya shampiona. Aaron Wan-Bissaka wa West Ham, Axel Tuanzebe wa Burnley, Noah Sadiki na Arthur Masuaku wa Sunderland, wote ni watu wetu, na mtu aliyewajaza kwenye ekipe moja pamoja na Wasenegali na Wamisri alijikuta Noeli bila watu. Kumchagua Mkongomani si kosa. Kujaza ekipe nzima watu wanaoweza kuitwa siku moja, hilo ndilo kosa.

Juu ya mpangilio, kumbuka kile tulichohesabu. Watu wa mbele ni wachache: klabu nyingi zinaanzisha mmoja tu, na ekipe zenu 8 zinataka 24. Kwa hiyo usichelewe kuwachukua wawili wanaocheza kila juma. Kipa usimkimbilie. Ekipe 8 zinachukua makipa 16 kati ya 20, kwa hiyo hata nyuma ya duru ya nane utampata anayecheza. Wachezaji wa nyuma wa klabu ngumu kufungwa ni dhahabu ndogo ya kila juma. Na mbele ya kuchukua jina lolote, uliza swali moja: huyu anaanza mechi?

Nyuma ya kuchagua, kazi inaanza

Wachezaji ambao hawakuchukuliwa hawapotei. Kila juma unaweza kuomba mmoja na kumwachilia wako mmoja. Wawili wakimuomba yuleyule, anapewa yule aliye chini katika msimamo. Hivyo aliyeanguka anapata mkono wa kumuinua. Maombi hayo yanafungwa saa 24 mbele ya saa ya mwisho ya juma. Baada ya hapo, wale waliobaki ni wa anayewahi. Mnaweza pia kubadilishana ninyi kwa ninyi, mtu kwa mtu.

Saa ya mwisho ni dakika 90 mbele ya mechi ya kwanza ya juma. Sasa tuiweke kwenye saa ya Bunia. Sisi tunatangulia Uingereza saa moja wakati wa kiangazi chao, na saa mbili kutoka mwisho wa Oktoba mpaka mwisho wa Machi. Mechi ya kwanza ya siku ya posho mara nyingi inaanza saa 12 na nusu ya Wazungu kule kwao. Kwa hiyo saa ya mwisho kwetu ni saa 6 ya mchana Agosti na Septemba, na saa 7 ya mchana Novemba mpaka Machi. Maombi yanafungwa saa ileile siku ya tano. Na juma likianza na mechi ya siku ya tano usiku, yote yanarudi nyuma siku moja. Wengi wanapoteza pointi hapo, si juu hawajui mpira, juu walikuwa ndani ya shimo.

Baba yuko shantié, nani anashika ekipe?

Hili ndilo swali la wasomaji wetu. Siku ya tano saa sita mchana mchimbaji yuko chini. Akipanda, rezo hakuna ao telefoni iko kwa mwenye panneau ya jua, inajazwa. Ligi ya watu wa Kampala haina shida hiyo. Ya kwetu inayo, na lazima itengenezewe dawa.

Dawa ya kwanza ni jamaa. Kila ekipe iwe na wenyewe wawili: mmoja shantié, mmoja Bunia. Mke, dada, mtoto wa masomo, yeyote anayeweza kushika telefoni. Tumeona mama mmoja ambaye mbele hakupenda mpira hata kidogo. Leo mume wake akipiga simu kutoka kwenye mashimo, nyuma ya habari za watoto na za malipo ya masomo, wanapanga benchi. Mama yule yule ndiye alimwambia mume amwachilie mchezaji mwenye kadi nyingi. Kwa watu wanaokaa miezi bila kuonana, kuwa na jambo moja la pamoja kila juma, lisilo deni wala ugonjwa, si kitu kidogo.

Dawa ya pili ni kaye. Kama wengi wenu hawana intaneti, fanyeni drafti ya karatasi. Sekretere mmoja anakaa Bunia. Siku ya kuchagua mnakutana, mnapiga kura, kila jina linaandikwa kwa biki mbele ya wote, na mwisho kila mtu anatia sahihi chini ya ekipe yake. Piga foto ya ukurasa, kila mtu abaki nayo. Mabadiliko yanatumwa kwa mesaji ya kawaida, na saa ya mesaji ndiyo ushuhuda. Siku ya kwanza ya juma sekretere anasoma pointi kwenye tovuti, anaandika, anatuma. Na kama hata tovuti ni shida, punguzeni hesabu: magoli, pasi za goli, klabu isiyofungwa, na kadi. Hayo yanatosha kwa msimu mzima.

Tunaongeza neno moja la wakubwa. Jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na kila familia inajua barabara ya Djugu inavyoweza kugeuka. Kikao cha kuchagua kifanyike mchana, mjini, siku ambayo watu wameshuka kwa kazi zao. Hakuna Haaland anayestahili safari ya usiku.

Pesa, hapo ndipo ligi nyingi zinakufa

Turudi kwenye tiketi ya pari tuliyoanza nayo. Tuseme kila mechi uliyoweka ina nafasi nusu ya kuingia. Mechi tano pamoja zina nafasi moja kati ya 32. Tuseme tena tiketi ikiingia inakulipa mara 25. Ukinunua tiketi 32 za franka 1000, umetoa 32 000. Ukipata moja, kama hesabu inavyotaka, umerudisha 25 000. Zile 7 000 hazikuenda kwa jirani yako, zilitoka kabisa. Ndivyo duka la pari linavyojengwa, na halina haja ya kukudanganya. Hesabu yenyewe inatosha.

Katika ligi ya drafti hakuna mtu wa nje anayekata. Watu 8 wakitoa franka 5000 kila mmoja, 40 000 inabaki mezani mpaka Mei. Lakini tusijidanganye: nayo ni pesa ya kuweka, na saba watapoteza. Kisha kuna hatari ambayo pari haina, ile ya kumpa mwenzako pesa ashike miezi tisa. Kila aliyeingia likelemba anajua namna hiyo inavyoweza kwisha. Mwenye kushika anapata ugonjwa nyumbani, anatia mkono, anasema atarudisha. Mei ikifika, undugu unavunjika kwa 40 000.

Shauri letu ni kali kidogo. Mwaka wa kwanza, msiweke pesa. Wawili wa mwisho katika msimamo watalipa chakula cha wote siku ya kufunga: samaki wa Kasenyi, ugali, sukari kwa watoto. Kikundi kikimaliza mwaka bila ugomvi, mwaka wa pili mtajua kama mnaweza kuaminiana na franka. Na mtoto wa masomo asiingizwe kwenye ligi ya pesa, hata kama ndiye anayejua majina kuliko wote.

Sheria sita za kuandika mbele

Mbele ya kura, mbele ya jina la kwanza kutajwa, andikeni haya:

1. Tuko wangapi, na nani ni mkono wa pili wa kila ekipe.
2. Siku na saa ya kuchagua, na dakika ngapi kwa kila chaguo. Asiyekuja, orodha yake itamchagulia, na hatalalamika.
3. Tunahesabu namna gani: jumla ya pointi za msimu, ao ekipe kwa ekipe kila juma, ushindi pointi 3, sare 1. Ekipe kwa ekipe ina moto zaidi, juu hata wa mwisho anaweza kumpiga wa kwanza siku moja.
4. Kubadilishana kati ya wawili kutangazwe kwa wote siku mbili mbele. Wengi wakikataa, hakuna. Hii inazuia mtu aliyekwisha kushindwa kumpa rafiki yake wachezaji wake wazuri Aprili.
5. Mtu akipotea majuma matatu, mkono wa pili anachukua ekipe. Wachezaji wake hawagawanywi. Labda amefuata shimo jipya mbali, labda njia imefungwa. Akirudi, akute mali yake.
6. Ugomvi unaamuliwa na watatu waliochaguliwa siku ya kwanza, na mwenye kesi haamui kesi yake.

Utaona kwamba hakuna sheria hata moja kati ya hizo inayotaka ujuzi wa mpira. Zote ni za watu. Ndiyo sababu tunaamini mchezo huu unafaa hapa Ituri, ambapo tumekwisha kuona jinsi mgawanyo usioandikwa unavyozaa maneno, na maneno yanavyozaa mengine makubwa. Hatusemi ligi ya watu 8 italeta amani. Tunasema tu kwamba watu 8 kutoka Mudzipela na Lumumba, kutoka Nizi na Mongbwalu, wakikaa kwenye meza moja, wakapiga kura, wakakubali kwamba hiki ni chako na hiki ni changu mpaka Mei, hawajapoteza mchana wao.

Wenye kutaka kuanza wasingojee Agosti. Juma hili tafuteni watu saba, nunueni kaye moja, andikeni zile sheria sita na mtie sahihi. Majina ya wachezaji yatakuja baadaye.